Shija au Athumani

Siku ya tatu ya matanga ya mume wangu, wanaume waliokaa nje chini ya turubai walianza tena ubishi wao wa miaka yote: nani alikuwa bora, Shija au Athumani. Walianza kwa sauti ya chini, kwa heshima ya msiba, lakini kahawa ilipozunguka mara ya pili heshima ikawatoka. Mimi nilikuwa chumbani, nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, kanga nimejitanda, na dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Nikamsikia mmoja akisema Athumani alikuwa na mbio tu, na mbio hata swala anazo. Mwingine akajibu kwamba mguu wa kulia wa Shija ulikuwa wa kupandia baiskeli. Wakacheka. Jirani yangu akataka kuinuka awakemee, nikamshika mkono. Nilimwambia awaache, hawa wamekuwa wakibishana dirishani kwangu tangu nilipokuwa mwari, hawawezi kuacha leo kwa sababu tu mwenyewe amekufa. Alidhani nimesema kwa upole, akaniombea dua. Sikuwa na upole wowote. Nilikuwa na hasira ya zamani ambayo nimekula nayo na kulala nayo, na siku ile niliiona mpya kabisa.

Mwaka ninaoukumbuka kila wanapobishana ni ule ambao watu walikuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa. Mimi na Shija tulikuwa tumeoana karibuni, tumepanga chumba cha mbele katika nyumba moja ya mtaa wa Ng'ambo, nyumba ya ukumbi mrefu na wapangaji huku na huku. Chumba kilikuwa na kitanda cha besera, sanduku langu la bati, meza ya mninga yenye mguu mmoja mfupi, na msumari ukutani ambapo Shija alitundika viatu vyake vya mpira baada ya kuvipaka samli. Mama mwenye nyumba aliilalamikia harufu ile mpaka akachoka. Dirisha la mbao lilifungukia barazani, na barazani ndipo Mzee Feruzi alipoweka birika lake la kahawa, kwa hiyo kila jioni nilipokuwa nikichambua mlenda au kuchekecha ule unga wa njano tuliokuwa tukiupangia foleni, maneno ya wanaume yalinifikia yote. Niliujua mpira kwa masikio kabla sijakanyaga uwanjani. Nilijua kwamba Shija hakimbii, anatembea tu, halafu pasi inatokea mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipaangalia. Nilijua kwamba Athumani akipata mpira pembeni unaona vumbi, kisha unaona wavu unatikisika. Wote wawili walivaa namba kumi, na mji mzima ulikuwa umegawanyika kwa ajili yao.

Athumani aliichezea timu ya watu wa mjini, mafundi na wafanyabiashara, iliyoitwa Watemi. Utemi ulipofutwa baada ya uhuru, ofisa mmoja aliwaambia wabadilishe jina, nao wakajiandikisha kwa jina la Maendeleo, lakini sijapata kumsikia mtu akishangilia Maendeleo uwanjani. Shija aliichezea Wapagazi, timu ya watu walioletwa mjini na reli na malori ya pamba, walioona fahari kwamba babu zao walibeba mizigo kwa miguu mpaka pwani na kurudi. Watemi waliwaambia, nyie kazi yenu ni kubeba, na Jumapili mtabeba magoli. Wapagazi walijibu kwamba wamewahi kuwabeba hata watemi wenyewe. Huo ulikuwa utani, na utani kwetu una sheria. Mtani anaweza kukutukana, kuchukua kuku wako, kuja msibani kwako akalala ndani ya kaburi mpaka umpe kitu, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Mashabiki wa timu hizi walikuwa watani wa namna hiyo, na ilipokaribia mechi kubwa upande mmoja ulikwenda mlangoni kwa nyota wa upande wa pili kumlilia msiba. Walibeba kitanda cha kamba, juu yake shina la mgomba lililovishwa jezi namba kumi, na wanawake wakajigaragaza chini wakimtaja marehemu kwa sifa zake.

Katika mechi ya kwanza tangu nilipoolewa, mwaka uliotangulia huo wa kuhama, Watemi waliongeza jambo. Shija akiwa kambini na wenzake, alifika mtu asiyemjua, kajaa vumbi, akamwambia mama yake amezidiwa huko kwao upande wa Igunga na anamtaja yeye tu. Shija hakuuliza. Alidandia lori la Nzega, kutoka Nzega akapata jingine, na alipofika alimkuta mama yake anaanika michembe ya viazi juu ya mwamba, mzima kabisa, akimshangaa. Huku nyuma Watemi wakashinda. Mji ulicheka mpaka mbavu zikauma. Mzee Feruzi, ambaye ni wa Watemi damu, alikuwa akiisimulia hadithi ile huku akimimina kahawa nje ya kikombe. Shija naye alicheka, maana sheria ilimtaka acheke, na aliniambia kwamba aliyecheka kuliko wote alikuwa mama yake. Alimpa mfuko wa matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, aniletee mimi, mkwe ambaye hakuwa amemwona bado, akamsindikiza mpaka barabarani. Sikuwahi kumwona mama yule. Niliwahi tu kula viazi vyake.

Mtu mmoja hakucheka, naye ni Mrisho, mwenyekiti wa Wapagazi. Mrisho alikuwa kijana wa haja, mwenye suti ya Chunlai kama ya viongozi wa siku zile na sauti ya mkutanoni, na aliapa mbele ya watu kwamba mchezaji wake hatatolewa tena kambini hata kwa habari ya moto. Mwaka mzima barazani hawakuwa na mazungumzo mengine. Timu zingekutana tena mwisho wa kiangazi kugombea kombe, na ilisemekana watu wangetoka Dar es Salaam kuja kumwangalia namba kumi mmoja wa kumchukua.

"Watamchukua Athumani," Mzee Feruzi alisema jioni moja. "Dar wanataka mtu wa mbio. Huyo wenu atakuwa bado anafikiri, basi limeshaondoka."

"Anafikiri kwa sababu anacho cha kufikiria," Mrisho akajibu. "Wa kwenu anakimbia kwa sababu hajui aende wapi."

"Lakini anafika."

"Anafika kona, anageuka, anarudi. Mzee Feruzi, mimi nataka uniambie goli moja la Athumani ambalo hakuanguka."

Mimi ndani nilicheka, na sifichi kwamba nilikuwa na upande. Nilitaka Shija achukuliwe. Nilitaka kwenda Dar es Salaam, kukaa kwenye nyumba yenye umeme, na nilimwambia hivyo mara nyingi kuliko alivyotaka kusikia. Nilikuwa nimeshaanza kupanga vitu vyangu sandukuni. Shija alikuwa akiniangalia nikikunja kanga, ananiambia, "Wewe utaenda hata mimi nikibaki." Ulikuwa mzaha wa mume na mke, na ningejua utakuja kunigeukia ningezichoma zile kanga.

Mwishoni mwa kiangazi kile kwao Shija kukahamishwa. Habari zililetwa na madereva wa pamba, vipande vipande. Walikuja na lori, wakapakia watu, mbuzi, vyungu na fito za paa, wakawapeleka mbugani kando ya barabara, kila kaya ikaonyeshwa kigingi chake na kuambiwa ijenge. Redioni tulisikia nyimbo za kuwasifu waliohama. Mama mkwe wangu aliacha nyumba ya udongo iliyokuwa na ghala, akawekwa chini ya kibanda cha majani ambacho upepo uliingia utakavyo. Tukaambiwa anakohoa. Shija akasema mechi ikiisha tu anakwenda kumjengea, na akafunga mundu na nyundo kwenye gunia akaliweka chini ya kitanda, tayari. Kisha akaingia kambini, katika nyumba moja iliyojitenga kule Itetemia, katikati ya mashamba ya mihogo.

Jumamosi, siku moja kabla ya mechi, Watemi walikuja kumlilia mlangoni kwangu. Kwa kuwa mwenyewe hayupo, mimi ndiye niliyekuwa mjane. Walinikalisha kizingitini, wakanifunika kaniki, wakaweka kitanda chao mbele yangu, na mama mmoja mnene wa mtaa wa Gongoni akalia vizuri mpaka nikaona aibu kwamba mimi sitoi chozi. Katikati ya vilio hivyo akatokea mwanamume mwembamba, viatu kavishika mkononi, miguu imevimba. Lori lake liliharibika njiani na kutoka hapo alikuwa ametembea usiku kucha. Akasimama nyuma ya watu akauliza hapa ndipo kwa Shija. Walipomwambia ndipo, akasema, "Mimi Jilala, mdogo wake. Mama amefariki jana. Tunamsubiri yeye azike."

Sijui nieleze vipi kicheko kile. Kilianzia mbele kikaenda nyuma, kisha kikarudi. Walidhani ni mtu wao, na walimsifu aliyemtuma kwa kumvimbisha miguu namna ile. Wengine wakasema hapana, huu utani umechakaa, mwaka jana mama aliumwa, mwaka huu kafa, mwakani atafufuka. Yule mama wa Gongoni akachota unga akampaka usoni, kama watani wanavyofanyiana msibani. Jilala hakujipangusa. Alisimama na ule unga, akinitazama mimi, akarudia maneno yake kwa sauti ile ile, bila kulia. Pale ndipo nilipojua. Wote waliokuwa wakilia mlangoni kwangu hawakuwa na msiba, na mwenye msiba hakuwa analia. Nikavua kaniki, nikamwingiza ndani, nikampa maji anawe uso, nikamwekea uji. Hakuunywa. Alisema mama alikufa akiamini Shija yuko njiani, kwa sababu mwaka uliopita alikuja bila kuitwa na mtu wa nyumbani, na kwao mwana wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Wangesubiri mpaka kesho alasiri. Kwa joto lile wasingeweza zaidi.

Nilikwenda Itetemia kwa miguu, peke yangu, maana Jilala hakuweza hata kusimama. Jua lilikuwa bado kali. Kwenye ua wa ile nyumba nilimkuta Mrisho na vijana wawili wamekaa kwenye viti.

"Shikamoo Mwenyekiti. Namtaka mume wangu."

"Marahaba shemeji. Wanawake hawaingii kambini, unajua. Ukikanyaga hapa kazi yote ya mganga imeharibika."

"Basi aitwe nje. Mama yake amefariki. Mdogo wake amekuja, yuko nyumbani kwangu."

Mrisho akawatazama vijana wake, akatabasamu. "Mdogo wake. Unamjua huyo mdogo wake?"

"Namjua, anaitwa Jilala."

"Umemjua lini?"

"Leo," nikasema.

"Basi shemeji, rudi nyumbani. Hata sisi tulimjua yule wa mwaka jana siku hiyo hiyo."

Nikamwambia achungulie uso wangu aone kama ni wa utani. Akachungulia, muda mrefu, na kuna kitu kilimpita usoni. Kisha akageuka. Nikaanza kuita. Niliita jina la Shija kwa nguvu zangu zote, na Mrisho akainua mkono, ngoma ikapigwa ndani ya nyumba, wachezaji wakaanza kuimba. Niliita mpaka koo likakauka. Vijana wale wawili wakanishika mikono wakanirudisha mpaka barabarani, kwa adabu kabisa, wakiniita shemeji.

Nyumbani nilimkuta Athumani. Watemi hawakuwa na kambi, wachezaji wao walilala kwao, na alikuwa amesikia barazani habari ya mtani mwenye miguu iliyovimba. Mama yake Athumani alitoka upande wa Igunga, kwa hiyo alikaa chini na Jilala wakaongea Kisukuma. Sikuelewa yote. Nilisikia anamwuliza nani wamebaki na maiti, na Jilala akawataja mmoja mmoja, polepole. Athumani akavua kofia yake.

"Shemeji, huyu si mtani," akasema. "Kesho nitamwambia mwenyewe. Uwanjani Mrisho hawezi kunizuia."

Nikamwuliza kama ataaminika. Akasema hajui, lakini hawezi kucheza na mtu ambaye mama yake hajazikwa na asimwambie.

Kesho yake nilisimama na Jilala nyuma ya kamba, upande wa goli. Vijana wa Mrisho walikuwa wamemtambua, kila alipojaribu kusogea mbele walimsukuma nyuma wakicheka, wakimwita marehemu. Timu zilipopeana mikono nikamwona Athumani ameushika mkono wa Shija hauachii, anaongea. Shija akatupa kichwa nyuma akacheka. Baadaye, usiku mmoja wa miaka mingi mbele, Shija aliniambia alichojibu. Alisema, "Mwaka jana mlinifikisha mpaka kwa mama. Mwaka huu tafuteni njia nyingine." Na akacheza. Sijawahi kuona mtu akicheza vile. Alifunga magoli mawili, la pili akiwa anatembea. Athumani hakucheza kabisa siku ile. Mpira ulimpita miguuni, alikosa hata penalti, na alikuwa akigeuka kututazama sisi nyuma ya kamba. Siku hiyo ndiyo wanayoitaja mpaka leo kama ushahidi kwamba Shija alikuwa bora.

Filimbi ilipolia walimbeba juu. Kutoka juu ya mabega ya watu ndipo alipomwona Jilala, na alijua hapo hapo, maana mdogo wake hakuwa mtu wa kutembea kwa ajili ya mchezo. Nilimwona akiacha kucheka. Alianza kupiga kelele ashushwe. Walidhani anashangilia, wakapiga kelele kumzidi. Aliwapiga vichwani kwa ngumi, wakamrusha juu wakamdaka. Wakatoka naye uwanjani, wakazunguka naye mjini, sokoni, stesheni, mpaka Gongoni kuwaonyesha Watemi, naye anapigana na watu waliompenda. Walipomshusha, saa ile mama yake alikuwa ameshafukiwa. Aliyemtafutia lori alikuwa Athumani, na akapanda naye, wakaenda pamoja mpaka kijijini. Kaburi lile lilikuwa la kwanza katika kijiji kipya.

Shija aliporudi hakugusa viatu tena. Watu wa Dar es Salaam walimtafuta, akawaambia hayupo, akiwa amesimama mbele yao. Wapagazi wakahitaji mtu wa kumlaumu, wakasema mwanamke wa mjini kamfunga mume asicheze. Hilo ningelibeba. Nililoshindwa ni jingine. Shija alimwuliza Mrisho kwa nini hakuambiwa, na Mrisho, mbele ya kamati, akasema hakuna aliyefika kambini. Wale vijana wawili wakaitikia. Shija akaja chumbani akakaa kwenye sanduku langu.

"Ulikuja?" akaniuliza.

"Nilikuja. Niliita mpaka sauti ikapotea."

"Ningeisikia sauti yako," akasema. Halafu akalitazama lile sanduku alilokalia, na mimi nikajua anafikiria Dar es Salaam.

Hakunipiga, hakuniacha. Tulilea watoto, tulijenga, alikuwa mume mwema kuliko wengi ninaowajua. Lakini kila tulipogombana, hata kwa jambo la chumvi, alifika mahali akasema, "Ungetaka ungefika." Jilala aliniona nikitoka nyumbani tu, na Athumani alikuwa shahidi wa miguu ya Jilala, hakuniona Itetemia, na naye akafa mapema, kwa lori, njia ya Nzega. Nilibaki na neno langu peke yake, na kwa mume wangu neno langu halikutosha. Mwezi uliopita, amelala kitandani hawezi hata kugeuka, nilimwuliza kama ananiamini sasa. Akasema ni mambo ya zamani.

Basi siku ile ya tatu Mzee Mrisho aliletwa chumbani kunipa pole, anashikwa mkono na mjukuu wake. Wakamwekea kiti karibu na mlango. Alinipa pole vizuri, akamwombea marehemu, kisha akawageukia wanawake kwa uso wa mtu mwenye hadithi.

"Huyu mama mnamwona hivi, alikuwa shujaa," akasema. "Alinifuata kambini Itetemia, kwa miguu, jua hili, anamwita mumewe kama kichaa. Nikawaambia vijana pigeni ngoma." Akacheka. "Na nilijua ni kweli, wallahi. Uso ule haukuwa wa utani. Lakini kombe lile, wacha bwana, tungelipata wapi tena?"

Dirishani nao wakacheka, maana walikuwa wamesogea wasikilize. Nilimtazama mzee yule. Maisha yangu yote nilitaka maneno hayo yasemwe mbele ya mtu mmoja, na mtu huyo tulikuwa tumemzika juzi. Nilitaka kumrukia. Nilikaa tu pale mkekani.

"Sasa shemeji," akaendelea, "hawa huko nje hawatalala. Wewe uliyeishi naye tumalizie. Shija au Athumani?"

Nje wakaweka vikombe chini.

"Athumani," nikasema.

Mzee Mrisho akajipiga gotini, akacheka mpaka akakohoa. "Mnamsikia mjane? Msibani, na bado ana utani."

Nikasema tena, Athumani, kwa sauti, nikimtazama usoni. Nje wakacheka zaidi, na mtu mmoja akaagiza kahawa nyingine.